Damu Inayorudi

Wanangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari ya kosa moja lililoaminiwa na matabibu wakubwa kwa zaidi ya miaka 1400, na jinsi mtu mmoja alivyolivunja kwa hesabu ya kuzidisha, hesabu ambayo kila aliyefika darasa la nne anaiweza.

Kosa lilianzia kwa Galen. Huyu bwana alizaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamoni, ambao leo uko ndani ya Uturuki. Alianza kwa kuwatibu wapiganaji waliokatana mapanga mbele ya watazamaji, baadaye akawa tabibu wa makaisari wa Roma. Zamani zake maiti ya mtu haikupasuliwa, kwa hiyo alijifunza kwa kupasua nyani, nguruwe na mbuzi. Mengi aliyaona sawasawa. Wengi kabla yake walidhani mishipa inayodunda imejaa hewa. Yeye akaonyesha kwamba imejaa damu. Lakini alipofika kwenye swali la damu inatoka wapi, alijibu hivi: chakula kikishasagwa tumboni huenda kwenye ini, ini hukigeuza kuwa damu, damu hutiririka kwenda mwilini, na mwili huimaliza. Kesho ukila tena, ini linatengeneza nyingine.

Msimcheke Galen. Ukikaa ukafikiri, maneno yake yanaingia akilini kabisa. Usipokula unadhoofu, ukila unapata nguvu. Nani angejua kwamba damu aliyoamka nayo leo ndiyo ileile aliyolala nayo jana?

Zikapita karne nyingi. Mwaka 1578 akazaliwa William Harvey huko Folkestone, mji wa pwani ya Uingereza. Alikwenda kusomea utabibu Padua, Italia, akarudi kwao akafanya kazi katika hospitali ya St Bartholomew mjini London, na mwishowe akawa tabibu wa wafalme. Miaka mingi aliitumia kuchunguza mioyo ya wanyama: mbwa, nguruwe, nyoka, vyura, samaki. Moyo wa mbwa hupiga upesi mno, jicho haliwezi kuufuata. Wa chura hupiga taratibu, nawe unauona waziwazi ukijikaza na kujilegeza, ukijikaza na kujilegeza. Akiwa anatazama hivyo, Harvey akajiuliza swali ambalo inashangaza kwamba halikuwa limeulizwa: moyo ukijikaza mara moja, unatoa damu kiasi gani?

Hebu tupige hesabu na sisi, kwa vipimo vya leo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70 kwa pigo moja. Ni kidogo, haifiki hata theluthi ya kikombe cha chai. Kwa dakika moja hupiga mara 70 hivi. Sabini mara sabini ni 4,900, karibu lita tano kwa dakika. Kwa saa moja inakuwa karibu lita 300, sawa na ndoo 15, zile kubwa za lita 20 za kuchotea maji. Kuanzia leo asubuhi mpaka kesho asubuhi ni zaidi ya ndoo 350.

Na damu yote iliyomo katika mwili wa mtu mzima ni kama lita tano tu.

Sasa mwulizeni Galen: ini la mtu litatengenezaje ndoo 350 za damu mpya kwa siku? Kwa chakula gani? Mtu huyo angekula shamba zima, mihogo na majani yake, na bado asingeshiba. Vipimo alivyotumia Harvey vilikuwa vidogo kuliko hivi vyetu, kwa makusudi, ili asije akaambiwa ametia chumvi. Hata hivyo nusu saa ya mapigo ilimpa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Likabaki jibu moja: damu ni ileile. Inatoka moyoni, inazunguka mwili, inarudi moyoni. Mwaka 1628 akayachapisha hayo huko Frankfurt, Ujerumani, katika kitabu chembamba cha Kilatini. Baadhi ya wenzake walimpinga vikali, na inasemekana hata wagonjwa wake walipungua, kwa kuwa watu walimwona amerukwa na akili. Aliishi miaka mingi baadaye, akawahi kuona wengi wakikubali.

Hesabu peke yake haikumtosha Harvey. Alitaka ushahidi wa macho, na ushahidi huo mnaweza kuuona nyumbani leo. Mtafute bibi, babu, au mtu mzima yeyote ambaye mishipa ya mkono wake imejitokeza. Mwamkie, umwombe ruhusa. Mwambie auache mkono uning'inie kidogo ili mishipa ijae. Chagua mshipa mmoja ulionyooka, mgongoni mwa kiganja au kwenye mkono chini ya kiwiko. Ubonyeze kwa kidole kimoja, upande ulio karibu na vidole vyake, na usikiondoe. Kwa kidole cha pili pangusa mshipa huohuo kuelekea kiwiko, ukiisukuma damu mbele, kisha inua kidole hicho cha pili. Tazama kwa makini. Mshipa umelala, umekuwa bapa. Damu uliyoisukuma iko palepale mbele, lakini hairudi. Sasa inua kile kidole cha kwanza. Mshipa unainuka mara moja, ukijaa kutoka upande wa vidole.

Kinachoizuia damu isirudi nyuma ni vali: vikunjo vyembamba vilivyoota ndani ya mshipa, viwili viwili, ambavyo hufunguka damu ikielekea moyoni na kufungika ikitaka kugeuka. Mwalimu wa Harvey kule Padua, Fabricius, alikuwa amezichora vali hizo katika kitabu cha mwaka 1603, ila alidhani kazi yake ni kuipunguza damu kasi isijazane miguuni. Alikuwa amezishika mkononi bila kujua amekamata nini. Mwanafunzi wake ndiye aliyetambua kwamba zote, popote zilipo, zimeelekea moyoni.

Ndiyo maana muuguzi anayetaka kukutoa damu hukufunga mpira juu ya kiwiko, na mishipa huvimba chini ya mpira, upande wa kiganja. Damu ilikuwa njiani kurudi, ikazuiwa.

Basi tuifuate safari yenyewe. Tuchague chembe moja nyekundu ya damu, moja tu kati ya matrilioni uliyonayo. Kwa umbo ni duara bapa lililobonyea katikati pande zote mbili. Ndani yake imejaa himoglobini, protini yenye madini ya chuma, na kazi ya himoglobini ni kuishika oksijeni mahali ilipo nyingi na kuiachia mahali inapohitajika. Chembe hii haina hata kiini. Ilikitoa ilipokuwa inakomaa, nafasi yote ikabaki kwa mzigo.

Iko katika chumba cha chini cha kushoto cha moyo wako. Moyo una ukubwa wa ngumi yako mwenyewe, na una vyumba vinne: viwili vya juu vya kupokelea damu, viwili vya chini vya kuisukumia. Chumba hiki cha kushoto ndicho chenye ukuta mnene kuliko vyote. Moyo unajikaza, vali inafunguka, na chembe yetu inarushwa ndani ya aota, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Matawi ya kwanza kabisa ya aota huuzunguka moyo na kuingia ndani ya nyama yake. Hapo pananigusa kila mara ninaposimulia: moyo unapitisha damu usiku na mchana, lakini hauwezi kunywa ile iliyomo vyumbani mwake. Unalishwa kwa mishipa yake midogo, na mishipa hiyo ikiziba, nyama ya moyo hufa kwa kukosa oksijeni ilhali vyumba vimejaa damu.

Chembe yetu haikwenda huko. Inashuka na aota kifuani, tumboni, inaingia mguu wa kulia. Mishipa hii inayotoka moyoni inaitwa ateri. Kuta zake ni nene na zinavutika, na kila moyo unapopiga zinatanuka kidogo. Huko kutanuka ndiko unakokusikia ukiweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Mishipa inayorudisha damu inaitwa vena. Vitabu vya shule huchora ateri nyekundu na vena za bluu, na kila ninaposimulia habari hii yupo mtoto anayeniuliza kama kweli tuna damu ya bluu. Hapana mwanangu, ile ni rangi ya mchoraji tu, ili usichanganye njia mbili. Damu ni nyekundu siku zote. Ikibeba oksijeni nyingi inang'aa, ikishaitoa inakuwa nyekundu iliyoiva, karibu na rangi ya zambarau.

Ateri zinagawanyika na kupungua, na kupungua, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu chembe yetu inaingia katika kapilari. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kazi yote inapofanyika. Moyo, aota na ateri vyote vipo kwa ajili ya kufika hapa. Ukichukua milimita moja ukaigawa vipande elfu, chembe nyekundu ina upana wa vipande saba au vinane. Kapilari nyingi zina upana wa vipande vitano mpaka kumi. Kwa hiyo chembe hupita moja moja, na mara nyingi hulazimika kujikunja ili ipite. Aliyetembea vichochoro vya Lamu anaelewa: punda mwenye mzigo akija mbele yako, mnapishana kwa kujibana ukutani, mzigo ukikusugua bega. Chembe nyekundu husugua kuta namna hiyo, nako kusugua ndiko kunakotakiwa. Ukuta wa kapilari ni wa tabaka moja tu la seli. Oksijeni inapenya na kuingia kwenye nyama ya kidole, na hewa ya ukaa, ambayo ni taka ya mwili, inapenya kuingia kwenye damu. Sukari inatoka, taka nyingine zinaingia. Yote hayo huchukua kama sekunde moja, kisha chembe inatokea upande wa pili.

Harvey hakuwahi kuziona kapilari. Alijua damu inatoka kwenye ateri na kuingia kwenye vena, akajua lazima pawe na njia, lakini macho yake hayakuweza kuifikia. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mwitalia Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini akaziona njia zenyewe, nyembamba kuliko nywele, zikiunganisha mishipa ya huku na ya kule.

Wapo wenzenu ambao kwao mahali hapo pembamba pana mateso makubwa. Katika ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli, himoglobini ina kasoro ya kurithi. Chembe ikishaitoa oksijeni inakuwa ngumu na kujipinda kwa umbo la mundu. Haiwezi kujikunja, inakwama, na nyingine zinakwama nyuma yake. Nyama iliyo mbele inakosa oksijeni, na maumivu yake, hasa ya mifupa, ni makali mno. Mwenzako darasani akisema mifupa inamuuma na huoni kidonda, mwamini. Tanzania na Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, na sababu ya wingi huo aliigundua mtu aliyekulia Kenya, Anthony Allison. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akaona kwamba waliobeba kasoro hiyo walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache nyanda za juu. Kule kwa wengi ndiko kwenye mbu na malaria. Mwaka 1954 akaeleza: anayeirithi kasoro kwa mzazi mmoja tu haugui sikoseli, na tena anapata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua.

Turudi kwenye kidole gumba. Chembe yetu imo ndani ya vena sasa, na inatakiwa kupanda mpaka kifuani. Msukumo wa moyo umekwisha karibu wote huko kwenye kapilari. Nani anaipandisha? Ni wewe, unapotembea. Nyama ya shavu la mguu ikijikaza inazibana vena zilizomo ndani yake, damu inasukumwa juu. Ikilegea, vali zinaizuia isiporomoke. Hatua moja, msukumo mmoja. Mmewahi kumwona mwanafunzi akizimia kwenye paredi, juani, amesimama wima bila kutikisika? Mara nyingi sababu ndiyo hiyo. Joto limetanua mishipa, miguu imetulia, damu imebaki chini na ubongo umepungukiwa. Mkimsimamisha tena mnamwumiza. Mlazeni chali, mwinueni miguu, na damu itajirudia yenyewe.

Chembe inaingia moyoni, safari hii upande wa kulia. Hapa kuna ukuta. Upande wa kulia na wa kushoto umetenganishwa na ukuta wa nyama, na ukuta huo ulimsumbua Galen. Aliona damu lazima ipite kutoka kulia kwenda kushoto, na njia hakuiona, basi akasema ukuta una vitundu vidogo visivyoonekana. Kizazi baada ya kizazi wakasoma habari za vitundu hivyo, na waliopasua moyo wasivione walidhani kasoro ni ya macho yao.

Aliyekataa ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi ya utabibu Kairo na kufia huko mwaka 1288. Mwaka 1242, akiandika maelezo juu ya kitabu cha tiba cha Ibn Sina, alisema wazi kwamba ukuta ule ni mnene na hauna vitundu vya kuonekana wala visivyoonekana. Damu ya kulia, akasema, huenda mapafuni, huchanganyika na hewa huko, ndipo hurudi upande wa kushoto. Ni kweli tupu, na aliiandika karibu miaka 400 kabla ya Harvey. Maandishi yake yalikaa bila kutambuliwa na wengi mpaka mwaka 1924, daktari Mmisri alipoyakuta katika maktaba ya Berlin. Mimi huwa nalitaja jina lake kila ninapomtaja Harvey, maana ni haki yake.

Lakini kuna jambo ambalo lingewafurahisha wote wawili, Galen na Ibn al-Nafis. Kabla hujazaliwa, kweli ulikuwa na tundu moyoni. Mtoto aliye tumboni hapumui, oksijeni anaipata kwa mama kupitia kitovu, kwa hiyo hana haja ya kupeleka damu yote mapafuni. Kati ya vyumba viwili vya juu kuna uwazi wenye kikunjo, na damu hupitia hapo. Siku ya kuzaliwa, ukivuta pumzi ya kwanza na kulia, mapafu yanajaa hewa, damu inaingia mapafuni kwa wingi, na ikirudi upande wa kushoto inakisukuma kile kikunjo na kuuziba uwazi. Kwa watu wengi baadaye huota na kugandana kabisa. Kuna watoto wanaozaliwa na tundu lisilostahili kuwapo, pengine kwenye ukuta wa vyumba vya chini, na hao huchoka upesi, huhema wakinyonya, na hawaongezeki uzito. Zamani wengi walikufa bila kujulikana walikuwa na nini. Leo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, madaktari huyaziba matundu hayo, mengine kwa kupasua kifua, mengine kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Wanatumia barabara ileile tunayosafiri nayo sisi sasa.

Kutoka chumba cha chini cha kulia chembe yetu inasukumwa kwenda mapafuni. Ni karibu tu, ndiyo maana ukuta wa chumba hiki ni mwembamba. Mapafuni kuna kapilari tena, zimevizunguka vifuko vidogo vya hewa. Hewa ya ukaa inatoka, utaipumua nje. Oksijeni inaingia, na damu inang'aa. Inarudi moyoni, upande wa kushoto, pale tulipoanzia. Safari nzima, moyoni mpaka kidoleni, kidoleni mpaka moyoni, mapafuni na kurudi, imechukua kama dakika moja. Ukikimbia, ni muda mfupi zaidi, kwa sababu moyo unaweza kusukuma mara nne au tano ya kawaida.

Wanariadha wanaofanya mazoezi Iten, Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wanavuta hewa yenye oksijeni pungufu. Figo zao huutambua upungufu huo na kutoa homoni inayouamuru uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyekundu zaidi. Na mioyo yao, kwa mazoezi ya miaka, imekuwa mikubwa na yenye nguvu hata wakiwa wamepumzika inapiga mara 40 na kitu tu kwa dakika. Pigo moja linabeba damu nyingi.

Mtoto mmoja aliniuliza: hiyo chembe itazunguka mpaka lini? Siku 120 hivi. Haina kiini, haiwezi kujikarabati, na kujikunja kwenye kapilari maelfu kwa maelfu kunaichakaza. Siku moja inapita kwenye bandama, ambako njia ni finyu kuliko zote, na ikishindwa kupita, seli za hapo zinaimeza. Mabaki ya himoglobini hugeuzwa kuwa rangi ya manjano, ini huitia kwenye nyongo, na nyongo huimwaga utumboni. Ndiyo inayofanya choo chako kiwe cha kahawia. Chuma hakitupwi, mwili unakibana sana. Kinarudishwa kwenye uboho, ambako chembe mpya kama milioni mbili zinatengenezwa kila sekunde, nazo zinakihitaji.